Niliilaumu rangi ya mistari bure, kisha ikanivunjia mguu wa ndege

Nimeshaitumia kwenye modeli tatu za plastiki: ndege mbili za kivita aina ya Spitfire za kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko halisi) na kifaru T-34 cha 1/35. Ni rangi ya enameli (ya mafuta) iliyozimuliwa tayari hadi ikawa nyepesi kama chai ya rangi, kazi yake ni kuingia kwenye maungio ya mabati na kuzunguka ribiti ili vionekane vina kina. Naipa nyota nne, ingawa siku ya kwanza nisingeipa hata moja.

Spitfire ya kwanza niliipaka moja kwa moja juu ya rangi ya akriliki (ya maji) isiyong'aa. Nilitegemea rangi itiririke. Ikanywewa pale pale, ikatanda kama doa la mafuta kwenye shuka, na kila nilivyosugua ndivyo bawa lilivyozidi kuwa na rangi ya moshi. Nikaitukana chupa. Kumbe uso usiong'aa una mikwaruzo midogomidogo inayoishika rangi kabla haijafika kwenye mstari.

Ya pili nikaitangulizia tabaka mbili nyembamba za vanishi ya akriliki inayong'aa, nikailaza usiku kucha. Hapo ndipo nilipoonja utamu wake. Unagusisha ncha ya brashi namba 0 kwenye mstari, unainua mkono, na rangi inakimbia yenyewe, inakata kona, inazunguka kifuniko cha bunduki na kurudi ilikotoka. Bawa zima niligusagusa tu, sikuchora hata mstari mmoja. (Brashi iliyo kwenye kifuniko cha chupa isahau, ule ni ufagio.)

Baada ya nusu saa nilichukua kijiti cha pamba, nikakichovya kwenye spiriti nyeupe (kiyeyushi cha rangi za mafuta), nikakikausha kwenye tishu hadi kikabaki na unyevu kidogo, nikafuta kutoka mbele ya bawa kwenda nyuma, upepo unakopita. Uchafu unaobaki unaonekana umeburutwa na hewa. Kwenye kifaru nilifuta kutoka juu kwenda chini, njia ya mvua. Vanishi isiyong'aa ndiyo ya mwisho kabisa, kuua mng'ao.

Sasa malalamiko. Nilinunua nyeusi, na kwa ndege ndogo ni kali mno. Mstari wa nusu milimita kwenye 1/72 ni sawa na sentimita 3.6 kwenye ndege halisi; ukiujaza weusi, bawa linaonekana lina nyufa za kuingiza vidole.

La pili linaniuma zaidi. Niliacha rangi ituame pale mguu wa gurudumu unapoingia kwenye bawa, mahali ambapo plastiki ilikuwa tupu na imebanwa kwa nguvu. Asubuhi nikaikuta ndege imelalia ubavu, mguu umekatika kama kijiti kikavu. Kiyeyushi cha enameli kikipenya kwenye plastiki iliyobanwa huifanya iwe dhaifu, na chupa haina hata neno moja la kuonya. Siku hizi rangi ikituama kwenye kona naifyonza mara moja kwa brashi kavu, na miguu naiunganisha mwisho.

Nimeshaagiza chupa nyingine, kahawia iliyokolea. Nyeusi nimeiachia injini na minyororo ya kifaru.