ELM327 ya elfu ishirini na tano: inakufikisha mtaani, nyumba utafute mwenyewe

Kifaa hiki cha kusoma misimbo ya hitilafu za gari nilikinunua Kariakoo baada ya taa ya injini kuwaka kwenye Toyota Rumion yangu ya 2009. Gereji niliyoanzia walinitoza 30,000 kupima tu, kisha fundi akasema, "Dada, sensa ya oksijeni imekufa," ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini. Mpya ilikuwa laki na themanini, nikatafuta ya mtumba kwa 80,000, akafunga. Siku mbili, taa hiyo imerudi.

Boksi la kifaa limeandikwa toleo 1.5. Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu yenyewe, hawakuwahi kutoa toleo hilo, kwa hiyo ujue unashika kopi. Kopi yangu inafanya kazi. Unachomeka kwenye soketi chini ya usukani, unafungua switchi, unaunganisha na simu kwa bluetooth. Simu iwe Android. iPhone ya mdogo wangu haikukiona kabisa. IST ya shemeji ya 2003 nayo iligoma kusomeka. Magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana lugha yao.

Kwangu kilileta msimbo P0037: saketi ya hita ya sensa ya nyuma, umeme uko chini. Hapo ndipo nilipogundua 80,000 zangu zilikwenda kwa pupa. Sensa ya oksijeni haisomi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana imewekewa hita ndani, isikae kusubiri moshi uipashe. Ina waya nne, mbili za hita, mbili za kupeleka taarifa. Kompyuta ya gari ikiona umeme haupiti kwenye hita inawasha taa. Kama kilichokatika ni hita, waya au fyuzi, haijui, na kifaa hakijui.

Nikaongeza multimita, kipimo cha umeme, ya 15,000. Hita ya sensa ya mtumba ilisoma omu 13. Ile "iliyokufa", ambayo fundi aliitupa kwenye buti yangu, omu 13.4! Zote nzima, kwa Toyota hii, omu 11 hadi 16 injini ikiwa baridi ni sawa. Nikafungua switchi nikapima soketi ya sensa ya upande wa gari, panapotakiwa volti 12 hivi. Sifuri. Fyuzi nzima. Waya ulionekana mzima pia, ila nilipouvuta ulinyooka kama lastiki: shaba ya ndani imekatika. Fundi umeme wa jirani aliunga kwa 10,000, nikafuta msimbo, na wiki ya sita sasa taa haijawaka.

Grafu ya moja kwa moja kwenye simu ni ya kuburuta, usitegemee kuona mabadiliko ya haraka ya sensa ya mbele. Ya nyuma inatosha: imetulia karibu na volti 0.7, ndivyo inavyotakiwa katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ikiwa na afya. Na usikiache kifaa kimechomekwa usiku. Soketi ya chini ya usukani ina umeme hata ukizima gari, mimi niliamka nikakuta kataa kake kekundu kanawaka.

Nyota tatu kwa kifaa, tano kwa multimita. Sensa ya zamani nimeirudisha mahali pake. Ya mtumba iko kwenye buti, maana aliyeniuzia hapokei tena vitu vya umeme.