Baba anaelewa kila neno: uzoefu wangu na kliniki ya tiba ya usemi

Tangu baba apatwe na kiharusi mwaka jana, mkono wake wa kulia umelegea na neno pekee linalomtoka bila taabu ni "kesho". Ukimuuliza kama amekula, kesho; ukimletea kahawa isiyo na tangawizi, hiyo kesho utaisikia ikiwa na makali yake. Tulielekezwa kliniki moja hapa Dar es Salaam, na kuhusu jengo na bei sina la kusema, kwa kuwa kilichonichoma ni mtaalamu aliyetupokea mara ya kwanza.

Alimpazia baba sauti kana kwamba ni kiziwi, akapanga mezani kadi za picha zilizochapwa ng'ambo, mojawapo ikiwa ya watoto wanaocheza kwenye theluji, akamtaka azitaje. Baba aliitazama ile ya theluji, akanitazama mimi, akasema "kesho" kwa kejeli ninayoijua tangu utotoni. Mtaalamu akanigeukia mimi, si yeye, akatamka huku akiandika: "Huyu mzee haelewi kitu."

Hilo ndilo lililonipandisha hasira, kwani katika fani yao ni somo la kale. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimchunguza mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alisema "tan" tu, ilhali mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Aliyesomea afasia, yaani kupotewa na usemi kwa sababu ya jeraha la ubongo, anawezaje kumwona mtu aliyepotewa na maneno akadhani amepotewa na akili?

Nilikwisha kuazimia kuwaambia msikanyage pale. Lakini haki isemwe: tuliporudi tulipokewa na dada mwingine, akamwamkia "Shikamoo, baba", akavuta kiti karibu yake, wakahesabu pamoja polepole, kisha akamwanzishia Alhamdu. Baba akaimaliza sura yote bila kukwama, kwa maana yaliyokaririwa tangu utotoni mara nyingi husalimika hata mazungumzo yanapogoma. Nililia mbele za watu. Kwa ajili ya dada yule, nendeni.

Ila juzi nimechukua ripoti ya kupeleka bima, nikakuta bado imeandikwa "haelewi", na mapokezi wakanijibu kwamba haisahihishwi mpaka yule wa kwanza arudi kutoka likizo, na gharama ya kuichapa upya ni juu yangu. Basi narudi kwenye azma yangu ya awali, angalau hadi ripoti ile irekebishwe.