Waini nyekundu ya elfu 30: duka lile la Masaki limenichosha

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnisamehe mpangilio. Kuna duka la waini huku Masaki, Dar es Salaam, jina silitaji, wanaolijua watalijua kwa zile taa za rangi ya dhahabu na AC ya kukufanya ujute kuvaa mikono mifupi. Watu wanalisifia balaa. Nimeenda, nimenunua, nimekunywa, na mpaka sasa sijui lawama nimpe nani, ila nimeamua nianze na yule kaka muuzaji maana ndiye aliyeanza yeye.

Mimi waini nyekundu zisizo na sukari ndiyo kwanza naziingia. Zamani nilikuwa mtu wa zile tamu za Afrika Kusini zinazojaa kwenye harusi na sendoff, na nikienda Dodoma kwa shangazi basi ni dompo, waini ya huko, ile unakunywa kama juisi halafu ukitaka kusimama miguu inakataa. Sasa nikachoka na sukari, nikasema nijifunze hizi za dry ambazo wenzetu wanamwaga polepole na kuzinusa nusa. Na nikasema sitaenda supamaketi, kwa sababu supamaketi unabaki umesimama peke yako mbele ya rafu unasoma majina ya Kifaransa, ukimuuliza mhudumu anakwambia zote nzuri dada. Bora niende wanakojua.

Nikaingia. "Karibu dada." Nikamwambia kaka naomba unishauri waini nyekundu, ndiyo naanza, isizidi elfu 30. Akacheka. Si kicheko cha kufurahi na mteja, ni kile cha puani, halafu akamwangalia mwenzake. "Elfu 30 dada yangu, labda nikupe zile za sukari, za kina mama wa kitchen party." Mimi kina mama wa kitchen party wamenikosea nini? Ndio wanaonunua waini nyingi mji huu kuliko hao wateja wake wa kunusa.

Nikajikaza nikauliza, ya Dodoma je, mnayo? Akanijibu bila hata kugeuka: "Hapana, vitu vya Dodoma hapa hatuweki."

VITU. Jamani. Kule zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, huko Stellenbosch ya Afrika Kusini na Ulaya anakokuabudu wanavuna mara moja tu wanasubiri mwaka mwingine uzunguke. Kuna zabibu inaitwa Makutupora, jina la mahali pale pale Dodoma. Na hata bei kuwa chini si kwa sababu ni takataka, ni kodi, waini iliyotengenezwa kwa zabibu za hapa nchini zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko hizo zinazokuja na meli. Kwa hiyo kwenye chupa ya nje sehemu nzuri ya hela yako inakwenda TRA kabla hujaonja tone. Muuzaji wa waini Tanzania asiyejua hilo anauza nini?

Nisiseme uongo lakini. Za Dodoma nimekunywa dry nyekundu ikawa nzuri kabisa, nikafurahi, nikaenda nikachukua nyingine jina lile lile lebo ile ile, ikawa tofauti, ina uchachu wa ajabu. Na zinavyouzwa sasa, nyingi zinakaa dirishani kwenye grosari jua linazipiga kutwa nzima, hapo hata waini ya mfalme ingeharibika. Kwa hiyo pengine ana sababu zake. Asingesema "vitu" tu.

Basi bwana akaenda akaniletea Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, 58,000, chupa nzito ungeweza kumpigia mwizi. "Hii ndiyo waini yenyewe dada, ukishindwa hii basi." Ukishindwa! Nimekuja mashindano? Lakini ameshanivua nguo mbele ya watu, mwenzake bado ananitazama, nitarudije kwenye elfu 30? Nikalipa. Dada wa kaunta, huyo Mungu ambariki, akanifungia chupa kwenye gazeti kwa sababu aliona nimekuja na bodaboda.

Nyumbani nilikuwa nimepika changu wa kukaanga na kachumbari yenye pilipili mbuzi, na mnajua joto la Dar kabla mvua hazijaanza, saa mbili usiku ukuta bado una moto. Nikafungua. Aisee. Ukakasi! Fizi zimegandana na mashavu, ulimi umekauka wote, mate hayaji. Nikameza samaki nikaongeza funda, ikaja ladha ya chuma, yaani kama nimeweka sarafu mdomoni. Pilipili ndiyo ikawaka mara mbili. Mume wangu akaonja mara moja, akairudisha glasi mezani kwa adabu kabisa akaenda kufungua bia yake. 58,000 hiyo!

Kesho yake nikapiga simu dukani. Sikutaka kurudishiwa hela, nilitaka kujua tu kama chupa imeharibika au ndivyo ilivyo. Akapokea yeye yule yule. Nikamweleza. Mnajua alinijibu nini? "Dada, waini haina tatizo, tatizo ni ulimi wako haujazoea." Akakata. Sijui alikata au mtandao ulikatika ila mimi nahesabu alikata.

Hapo ndipo nilipotaka kuja kuandika nyota moja na matusi juu. Bahati yake kuna rafiki yangu ni baamedi hoteli moja huko mjini, amepelekwa mpaka kozi za waini, nikampigia kwanza kumlilia. Kabla sijamaliza hata kumsema yule kaka akaniuliza: "Mlikula na nini?"

Mlikula na nini! Swali la maneno matatu. Nikamwambia samaki na pilipili. Akacheka yeye naye, lakini cheko lake lina upendo. Akasema shoga, hiyo Cabernet zabibu zake ndogo, ganda nene, mbegu nyingi, na ukakasi wote unatoka kwenye maganda na mbegu, ndiko huko huko inakotoka rangi, maana zabibu nyekundu nyingi ukizikamua maji yake ni meupe. Samaki hana cha kuupoza huo ukakasi, na vikikutana unasikia ladha ya chuma. Pilipili nayo ukiipelekea kilevi cha asilimia 14 unaichochea. Nyama yenye mafuta ndiyo inaushika ule ukakasi, unalainika. Halafu akauliza, ilikuwa imepoa? Nikamwambia nyekundu si hazipoozwi, nimesoma ni joto la chumbani. Akasema chumba cha nani? Hilo ni joto la vyumba vya Ulaya vya zamani, nyuzi 16 mpaka 18, si sebule yako ya Sinza yenye nyuzi 30. Ikiwa ya moto unachosikia ni spiriti tu. Weka friji nusu saa.

Nusu ya chupa ilikuwa imebaki, nimeirudishia kizibo. Jioni nikaiweka friji, nikaagiza mishkaki ya ng'ombe ile yenye vipande vya mafuta katikati, bila pilipili. Nikanywa.

Naandika hii inaniuma, lakini ilikuwa nzuri. Si nzuri ya kujilazimisha, nzuri ya kwamba mume wangu aliiacha bia nusu akaleta glasi. Chupa ile ile! Ule ukakasi upo lakini sasa una kazi, unasafisha mafuta mdomoni unataka kipande kingine.

Kwa hiyo mnaona hasira yangu imehamia wapi. Ingekuwa mbovu ningelala. Yule kaka alikuwa na kitu kizuri mkononi, na alichotakiwa kufanya ni kuniuliza tu nyumbani leo mnakula nini, basi. Mama muuza dagaa sokoni anakuuliza unapika na nazi au unakaanga, na anauza mafungu ya elfu moja. Huyu ana aproni nyeusi na kizibuo kiunoni, anaangalia viatu vya mteja.

Na elfu 30 ilitosha! Hicho ndicho kinanichoma zaidi. Rafiki yangu akaniambia kwa mtu anayetoka kwenye tamu angekupa Merlot, ukakasi wake mpole, au Pinotage ya kawaida, ambayo ni zabibu ya Afrika Kusini yenyewe, aliitengeneza profesa Abraham Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kupandisha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Zote hizo zipo za bei ya chini, na zile zenye kifuniko cha kuzungusha wala usizidharau, Wanyuzilandi na Waaustralia wanafunga hivyo hata chupa za bei mbaya, na pia huhangaiki na kizibo kibovu kinachoifanya waini inuke boksi lililolowa. Uzito wa chupa ni kioo tu umelipia. Mwaka wa zamani nao kwenye hizi za bei nafuu usikutishe, nyingi zinatengenezwa zinywewe mapema, kukaa miaka kwenye joto letu haziongezeki utamu zinakufa.

Nilirudi pale. Ndiyo, nilirudi, msinicheke, nilikuwa napita. Yule kaka hakuwepo, alikuwepo dada wa kaunta, nikamwomba Pinotage, nikaikuta kwa 27,000. Yaani ilikuwepo! Rafu ya chini, kwa magoti. Na nikapita supamaketi makusudi kulinganisha, ile ile wao wanaiuza 31,000. Sasa niseme nini, duka la watu bei zao ni nzuri, chupa zao zimelazwa vizuri kwenye ubaridi, hazikai juani kama za grosari, uchaguzi upo. Nilishaandika nyota moja nikafuta. Nikaandika nne, nikakumbuka "ulimi wako haujazoea", nikafuta tena.

Natoa tatu. Hapana, mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya gazeti la bodaboda. Mkienda nendeni asubuhi siku za kazi, dada ndiyo anakuwa zamu, mwambieni kabisa mnakula nini. Mkimkuta mwenye aproni nyeusi amesimama pale mlangoni, ingieni duka la dawa jirani mnunue Panadol, mtoke.