Uzoefu wangu: kufungua teminali kutoka Thunar kwa kitufe kimoja

Natumia Thunar, programu ya kusimamia mafaili inayokuja na mazingira ya Xfce, kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Debian 12, na katika yote niliyorekebisha humo hakuna lililonipunguzia kazi kama njia ya mkato ya kufungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ndani ya folda niliyomo. Kazi yangu ni kutunza tovuti, yaani kushinda ndani ya folda zilizo ndani ya folda nyingine. Zamani nilikuwa nafungua teminali, inaniweka kwenye folda ya nyumbani, kisha naandika cd, amri ya kuhamia folda nyingine, na njia ndefu ya folda ambayo tayari ilikuwa wazi mbele ya macho yangu.

Kitendo chenyewe Thunar huja nacho, ila kimewekwa kwenye menyu ya kubofya kulia, na mimi nilitaka kitufe cha kibodi. Nilikwenda kwenye menyu ya kuhariri, nikafungua orodha ya vitendo maalumu na kuikuta amri hii:

exo-open --working-directory %f --launch TerminalEmulator

Alama ya %f husimama badala ya folda uliyoichagua, au folda uliyomo ikiwa hujachagua kitu. Neno la mwisho huita teminali yoyote uliyoiteua kwenye mipangilio, kwa hiyo nilipohamia teminali nyingine sikuhitaji kuigusa amri. Kwenye kidirisha hichohicho pana nafasi ya njia ya mkato. Nikaweka F4, kwa kuwa Dolphin na PCManFM, programu nyingine za kusimamia mafaili, nazo hutumia kitufe hicho kwa teminali na mkono wangu ulishakizoea. Hata folda niliyoiita "Ripoti za Mei", yenye nafasi kati ya maneno, hufunguka bila taabu.

Hata hivyo, siku ya kwanza nilibonyeza F4 mara tatu na teminali haikutokea. Nilikuwa nimechagua faili la kawaida, na kitendo hiki kimewekewa sharti la kutumika kwa folda tu. Ilinibidi nibofye mahali patupu kwanza ndipo kikakubali. Linalohitaji uangalifu zaidi ni folda ndogo ikiwa imechaguliwa, maana teminali hufunguka ndani ya hiyo, si ndani ya ile unayoitazama. Nusura nifute picha za mteja kwa sababu hiyo, na tangu siku hiyo siandiki rm, amri ya kufuta, kabla ya kusoma jina la folda kwenye mstari wa teminali.

Nilipotaka mpangilio huohuo kwenye kompyuta mpakato, nilinakili faili la uca.xml, linalohifadhi vitendo maalumu, kutoka ~/.config/Thunar, kitendo kikaja, kitufe hakikuja. Vitufe huhifadhiwa kwenye accels.scm, katika folda hiyohiyo. Nilipoyanakili yote mawili na kuifungua Thunar upya, F4 ikafanya kazi.