Hedifoni Zilizozibwa Nyuma: Zipi Zinafaa Kununuliwa Nairobi

Anayefanya kazi ya sauti jijini Nairobi hufanya kazi hiyo katikati ya kelele. Mimi huhariri mahojiano na vipindi vya redio nikiwa nyumbani, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama steji ya matatu, na kufikia saa kumi na moja alfajiri makanga huwa wamekwisha kuanza kuita abiria wa mjini. Hedifoni zilizo wazi nyuma, zile zenye matundu kwenye vikombe vyake, hutoa sauti pana na tulivu, lakini katika chumba kama changu hazinifai: honi huingia bila kizuizi, na sauti ya ndani huvuja hadi ikanaswa na maikrofoni wakati wa kurekodi. Kwa hiyo nitazungumzia hedifoni zilizozibwa nyuma pekee, zenye waya na zinazofunika sikio zima.

Nimezipanga kwa kuangalia sauti, starehe ya kuvaa na uimara, ingawa mizani yangu inaegemea zaidi mambo mawili ya mwisho. Hedifoni zote nitakazozitaja zina sauti inayotosha kufanyia kazi ya maana, na sikio huizoea tabia ya hedifoni mpya ndani ya siku chache. Kichwa hakizoei kubanwa. Vilevile, hedifoni hazifi zote kwa pamoja: huanza mito ya masikio, kisha waya karibu na pini, kisha kiungo kinachoshika kikombe. Kinachopaswa kumshughulisha mnunuzi wa hapa, ambapo fundi hodari hapatikani kwa shida lakini kipuri cha asili kinaweza kuchukua majuma kufika, ni kama sehemu hizo zinaweza kubadilishwa, na kwa wepesi gani.

Kwa kipimo hicho naziweka mbele Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zinazotengenezwa Heilbronn, Ujerumani. Zina uzito wa gramu 270 hivi bila waya, lakini uzito huo hausikiki sana kwa sababu tao lake la chuma halibani kwa nguvu, na mito yake ni mikubwa kiasi cha sikio kukaa ndani bila kuguswa pembeni. Mito yenyewe ni ya kitambaa laini chenye manyoya mafupi kama mahameli, si ngozi bandia. Hilo linaonekana dogo dukani, lakini baada ya mwaka wa jasho na mafuta ya nywele utaliona kuwa kubwa, kwa sababu ngozi bandia hukauka, hupasuka na kumwaga vigamba vyeusi vinavyong'ang'ania shingoni na kwenye kola ya shati jeupe, ilhali kitambaa hiki huvuliwa, kikafuliwa taratibu kwa maji vuguvugu na kuanikwa kivulini. Kwa aliyesuka nywele, tao linarefushwa kwa hatua zinazohesabika, na mto wake wa juu hufungwa kwa vifungo vya kubonyeza, hivyo unaweza kutolewa na kubadilishwa bila kumwita fundi.

Sauti yake ina besi inayoshuka chini sana na upana usio wa kawaida kwa hedifoni zilizozibwa. Sauti za juu ni kali, na mtu mwenye sikio jepesi huchoka nazo akisikiliza muziki wa matoazi mengi kwa muda mrefu. Waya wake wa mita 3 umeunganishwa moja kwa moja na kikombe, jambo ambalo ndilo dosari yake kubwa kwangu, na hedifoni zenyewe hazikunjiki. Jina hilohilo pia linabeba matoleo ya omu 32 na omu 250, na ni muhimu sana mnunuzi asome tarakimu hiyo kwenye boksi. Zile za omu 250 zinahitaji kikuza sauti cha mezani. Ukizichomeka kwenye simu zitakuwa na sauti ya chini hata ukiongeza hadi mwisho. Za omu 80 hutosheka na kompyuta nyingi na miksa yoyote ya studio, lakini kwa simu dhaifu zitakuwa za chini kidogo. Mwaka 2024 kampuni hiyo, ilipotimiza miaka 100, ilitoa toleo maalumu la DT 770 Pro X lenye omu 48 na waya unaochomoka. Ukilikuta kwa bei isiyopishana sana na ile ya kawaida, lichukue.

Nafasi ya pili naipa Sony MDR-7506, ambazo zimekuwa sokoni tangu mwaka 1991 na bado zinaonekana katika studio na mikononi mwa wanaorekodi sauti za filamu. Kama kazi yako ni sauti ya mtu anayezungumza, hizi zinaweza kukufaa kuliko zile za kwanza. Sauti zake za kati na za juu ziko mbele kiasi kwamba kasoro yoyote ya rekodi hujitokeza: mate mdomoni, pumzi iliyovutwa kabla ya neno, mvumo wa friji ya chumba cha pili. Kiswahili kina sauti s na sh kwa wingi, na msomaji anayesema "shughuli za usafirishaji" akiwa karibu mno na maikrofoni huweza kuchoma sikio la msikilizaji. Kwa MDR-7506 utaisikia dosari hiyo mapema na kuirekebisha kabla kipindi hakijaenda hewani. Zina gramu 230 tu, zinakunjika, na omu zake 63 hazizisumbui kompyuta wala simu nyingi.

Upungufu wake uko kwenye mito. Ni ya ngozi bandia nyembamba, na wenye masikio makubwa huhisi sikio likigusa ndani ya kikombe. Inajulikana pia kwa kubambuka, hivyo afadhali ununue jozi ya pili ya mito siku unaponunua hedifoni zenyewe. Waya wake ni wa kujikunja kama wa simu ya zamani ya mezani na hauchomoki. Ukiwa umesimama huvuta kikombe cha kushoto kuelekea chini.

Audio-Technica ATH-M50x, za mwaka 2014, ndizo vijana wengi wanaotengeneza biti huzitaja kwanza, na nazielewa sababu zao. Besi yake ina uzito unaofurahisha, vispika vyake vina kipenyo cha milimita 45, na omu 38 maana yake simu yoyote inaziendesha kwa sauti ya kutosha. Zinakuja na nyaya tatu zinazochomoka, huku kikombe kikiwa na kufuli la kuzungusha ili waya usitoke ovyo. Zinakunjika, na vikombe vyake vinageuka ili uweze kusikiliza kwa sikio moja. Kwa mtu anayesafiri kwa matatu kila siku kutoka Rongai au Githurai, akiwa na hedifoni ndani ya begi lililojaa, ningezipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Nimeziweka ya tatu kwa sababu zinabana kuliko mbili zilizotangulia, mito yake ya ngozi bandia hutia joto, na besi hiyo inayopendeza humdanganya mchanganyaji wa sauti: akidhani besi imezidi, anaipunguza, kisha wimbo unasikika mkavu kwenye spika za kawaida.

Sennheiser HD 280 Pro ni za kazi moja mahususi, nayo ni kuzuia kelele. Kampuni inasema hupunguza sauti za nje kwa kiasi kinachofikia desibeli 32, na kwa mpiga ngoma au mwimbaji anayerekodi karibu na maikrofoni hakuna kati ya hizi inayozishinda. Zinafanya hivyo kwa kukaza kichwa sana, na besi yake ni nyembamba. Kwa saa moja ya kurekodi ni nzuri. Kwa siku nzima ya kuhariri sizipendekezi, hasa kwa mvaa miwani.

Mwenye bajeti ndogo achukue Audio-Technica ATH-M20x, zinazouzwa kwa takriban theluthi moja ya bei ya M50x. Ni za plastiki, hazikunjiki na waya wake hauchomoki, lakini ni nyepesi na sauti yake ni ya uaminifu kuliko hedifoni nyingi za mapambo zinazong'aa kwenye vioo vya maduka.

Miwani inastahili maelezo zaidi. Besi ya hedifoni zilizozibwa hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya kispika na sikio, na mkono wa miwani, msuko mnene au ukingo wa hijabu ukiacha upenyo mdogo chini ya mto, besi hutorokea hapo. Unapojaribu dukani, cheza wimbo unaoujua vizuri, kisha sukuma vikombe vyote viwili kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, ujue mto haujakaa, na tarakimu zote zilizoandikwa kwenye boksi hazitakusaidia. Zivae kwa dakika 20 kamili, ukiwa na miwani yako na nywele zako za kawaida, hata kama muuzaji anaonekana kukosa subira. Maumivu ya utosini na ya nyuma ya sikio hayaji katika dakika tano za kwanza.

Nilijifunza kuhusu bidhaa feki kwa kupoteza pesa. Katika kibanda kimoja katikati ya jiji niliuziwa hedifoni ambazo boksi lake lilitangaza omu 63, huku muuzaji akiniapia, "Dada, hizi ni orijino kabisa." Nyumbani besi ilikuwa imevimba na sauti za watu zilisikika kana kwamba zimefunikwa blanketi. Nikazipeleka kwa fundi wa simu wa Luthuli Avenue, ambaye hakuzifungua hata kidogo. Alichukua mita yake ya umeme, akaiweka kwenye kipimo cha omu, akagusa ncha ya pini kwa waya mwekundu na shina lake kwa waya mweusi, kisha akaigeuza mita nione. "Thelathini na moja, dada," akasema. Akagusa sehemu ya katikati ya pini, ikasoma ishirini na saba.

Tangu siku hiyo sinunui bila kipimo hicho. Pini ina sehemu tatu: ncha ni ya sikio la kushoto, katikati ni ya sikio la kulia, na shina ni la pamoja. Kwa hedifoni za aina hii, mita husoma namba iliyo karibu na omu za kampuni, na pande zote mbili hukaribiana sana. Pande zikitofautiana, au zikasoma nusu ya ilivyoandikwa, rudisha boksi. Mizani ndogo ya jikoni nayo husaidia, kwa kuwa M50x zenye waya uliochomolewa zinapaswa kukaribia gramu 285. Mwombe muuzaji aandike jina kamili la modeli na omu zake kwenye risiti, wala si "headphones" peke yake, ili uwe na cha kumwonyesha ukirudi.

Ukichagua zenye waya usiochomoka, ufunge waya huo kwenye mguu wa meza kwa kamba laini siku ya kwanza, ukiacha ulegevu wa kukutosha kugeuza kichwa. Mtoto akiupita mbio na kuunasa kwa mguu, mvuto utaishia mezani badala ya kufika kwenye kikombe.