Kozi ya kuanza mashindano ya bastola, nje ya Kampala: uzoefu wangu

Ukienda ukitarajia kufyatua risasi siku nzima, asubuhi itakuudhi. Hakuna aliyepewa risasi mpaka jua lilipokuwa utosini. Mkufunzi, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita afande, alitushikisha bastola tupu na kuturudisha kwenye mambo yale yale: kidole kikae nje ya triga mpaka unalenga, na mdomo wa bastola usipite nyuzi 90, kulia wala kushoto, kutoka kwenye tuta la udongo la kuzuia risasi. Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la michezo hii ya kulenga shabaha, ukipitisha, au bastola ikikuponyoka ikaanguka, unatolewa kwenye mashindano yote papo hapo. Hakuna kuomba radhi. "Wewe, kidole!" Hiyo ndiyo salamu ya afande.

Tangu hapo sipiti mbele ya mlinzi wa benki hapa mjini bila kutazama bunduki yake imeelekea wapi. Wakati mwingine ni miguuni kwa wateja.

Somo la alama ndilo lililonishika. Eneo A katikati ya shabaha lina alama 5. Kwa risasi za milimita 9 tulizotumia, eneo C linalolizunguka ni 3 na D la ukingoni ni 1. Jumla inagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme umepiga risasi 12, zote A, kwa sekunde 10: 60 kwa 10 ni 6. Mwenzako amepata A tisa na C tatu kwa sekunde 8: 54 kwa 8 ni 6.75. Amekushinda, ingawa wewe umelenga vizuri kuliko yeye! Ila akiharakisha akapata A 11 na moja ikapotea kabisa, anakatwa alama 10, anabaki na 45, na 45 kwa 8 haifiki hata 6. Afande aliichora hesabu hiyo kwenye kadibodi, na hapo ndipo vijana waliokuja na mbwembwe za sinema walipotulia.

Amri za mwamuzi ni za Kiingereza, kama zilivyo kwenye mashindano makubwa popote duniani, lakini maelezo yote tulipewa kwa Kiswahili safi cha jeshini.

Kasoro zipo. Ala za kukodi, za kuchomeka bastola kiunoni, zimelegea; yangu ilipanda pamoja na bastola kila nilipochomoa. Risasi zinalipiwa kando na ada ya kozi, jambo ambalo tangazo halikusema, kwa hiyo uliza kabla ya kutuma pesa. Bastola ni za uwanja na zinabaki uwanjani. Kumiliki yako kunahitaji kibali cha polisi, na kozi hii haikupi.

Kwa anayeanza bila bastola, naipa nyota nne. Vaa kofia yenye ukingo na ufunge shati mpaka shingoni, maana ganda la risasi la moto likikuingia kifuani utacheza ngoma na bastola mkononi, na afande atakutoa.