Steshenari ya nyuma ya stendi Msamvu: fomu yako unaijaza kwa mkono wako

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na tangu matokeo yatoke Julai wadogo zangu wa shule na wazazi wa kijijini kwetu wananiuliza swali lilelile: "Maombi ya chuo na mkopo ulijazia wapi?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa simu mpaka nikaona bora niandike mara moja. Nilijazia kwenye steshenari ndogo ya mtaa wa nyuma ya stendi ya Msamvu, Morogoro, yenye mlango wa bluu, jirani na fundi viatu. Kibao chake kimefutwa na jua. Sisi wote tunasema tu "kwa Dada".

Dada namfahamu tangu nilipochaguliwa kidato cha tano. Majina yalipotoka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi shule, mimi na baba tulipanda Kosta kutoka Dakawa kuja mjini kuprinti fomu ya kujiunga na shule, maana kwetu mashine ya kuprinti ilikuwa imekufa. Mle kwenye fomu kuna orodha ndefu ya vitu: ndoo, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, godoro, na rimu ya karatasi. Baba akaona rimu zimepangwa kwenye shelfu, akataka alipie palepale. Dada akamzuia. "Mzee wangu, shule yenyewe iko mbali, mtoto atabeba trunka na godoro. Rimu anunue akifika kule, zipo." Alikuwa anakataa pesa ya mteja aliyesimama mbele yake. Baba hajasahau mpaka leo.

Likizo zote za miaka miwili nilikuwa napita pale kuchukua mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya miaka iliyopita. Anaprinti pande zote mbili za karatasi bila kuambiwa, anapanga kwa somo, halafu anabana na kuweka jalada gumu nyuma. Kitini changu cha Kemia kilitembea bweni zima. Tulikuwa wasichana tisa tunaopiga msuli, yaani kujisomea, pamoja baada ya prepu, na mwezi wa Aprili jalada lilikuwa limebaki lenyewe, karatasi zimeshikwa na uzi. Ile B ya Kemia niliyopata, sehemu yake imetoka kwenye hicho kitini, nasema bila kusita.

Sasa nije kwenye maombi, maana ndiyo wengi mnayotaka.

Wiki moja baada ya karatasi ya mwisho nilianguka na bodaboda nikavunjika mkono wa kulia. Wenzangu wakaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), mimi nikabaki nyumbani na hogo la plasta kuanzia kiganja mpaka juu ya kiwiko. Matokeo yalipotoka nilikuwa na B ya Kemia, B ya Biolojia na D ya Fizikia, pointi 8, daraja la kwanza. Baba aliita majirani. Mama hakusema kitu, alikwenda jikoni, na baadaye nikamkuta analia huku anachambua mchele.

Siku ya pili kwa haraka ya furaha sikufika kwa Dada. Niliingia duka jingine, karibu zaidi na pale gari liliponishusha. Kijana wa pale akachukua namba yangu ya mtihani ya kidato cha nne, akanihurumia kwa mkono, akaniambia nikae pembeni atanifanyia kila kitu. Ndani ya nusu saa alikuwa amefungua akaunti ya chuo cha kwanza. Nilipomuuliza neno la siri akasema siyo lazima, nikitaka kuangalia chochote nirudi kwake na shilingi 2,000. Baruapepe aliyoweka ilikuwa yake. Namba ya simu pia ilikuwa yake.

Kwa asiyejua, nieleze kwa nini jambo hili ni zito. Kaka yangu aliomba chuo mwaka 2015, wakati maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 unaomba chuo chenyewe moja kwa moja. Ukiomba vyuo vitatu una akaunti tatu, na ya Bodi ya Mikopo ni ya nne. Na ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, unatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kwa ujumbe wa simu. Usipothibitisha ndani ya siku zilizowekwa, nafasi yako imekwenda. Kwa hiyo yule ambaye namba yake ya simu iko kwenye fomu yako ndiye ameshika chuo chako, wewe umeshika risiti. Sisemi kijana yule alikuwa na nia mbaya. Nasema mlango wa maisha yangu ulikuwa mfukoni mwa mtu nisiyemjua jina.

Nilifika kwa Dada nikitetemeka. Hakumsema vibaya mwenzake. Alinitafutia namba ya huduma ya chuo, akaniwekea simu sikioni maana mkono mmoja nimeushikia bahasha ya vyeti na mwingine hauinuki, akaniambia, "Ongea mwenyewe mdogo wangu, wewe ndiye mwombaji." Ilichukua siku nne kubadilishiwa namba na baruapepe. Kwa simu zote zile hakunichaji kitu.

Halafu akaanza na mimi upya, na hapa ndipo penye tofauti yake na wengine wote. Kioo cha kompyuta yake kimewekwa juu ya kiti cha kuzunguka kisicho na mgongo. Ukifika anakigeuza chote kikutazame wewe, anasukuma kibodi upande wako, yeye anakaa pembeni na daftari. Mimi nilikuwa naandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, na foleni nyuma yangu ina watu sita. Mama mmoja akasema, "Si umwandikie huyo mtoto tuondoke?" Dada akajibu kwa upole kabisa, "Nikimwandikia mimi, kosa litakuwa langu na hasara itakuwa yake." Akanisubiri. Jina langu la pili lina herufi mbili za "s" kwenye cheti cha kuzaliwa na moja kwenye cheti cha kidato cha nne. Niligundua tofauti hiyo kwa sababu niliandika mwenyewe, polepole, kwa mkono usiozoea. Miaka kumi na minane nimebeba jina hilo na sikuwahi kuiona. Akanielekeza kwa wakili nikaapa kuhusu majina kabla sijapeleka cheti kuhakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo.

Neno la siri anakuandikisha kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako, yeye anageuka kuangalia ukutani. Nimeona akifanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa mzee aliyekuja kumjazia mjukuu.

Kuhusu kuchagua kozi, hana ushauri wa "somea hiki kina hela". Ana kitabu cha mwongozo wa TCU alichokiprinti chote na kukibana kwa waya, kurasa za afya zimeshachakaa pembeni. Nilimwambia nataka udaktari. Akafungua ukurasa, akaweka rula chini ya mstari, akanifanya nisome mwenyewe: masharti ya kuingia, miaka ya kusoma, idadi ya nafasi. Halafu akachukua kipande cha karatasi akaandika B=4, B=4, D=2, jumla 10. Hapo baba alichanganyikiwa, maana kichwani mwake mimi nina 8. Dada akamweleza taratibu kwamba NECTA inapanga madaraja kwa pointi ambapo ndogo ndiyo nzuri, A ni 1, lakini kwenye udahili wa vyuo A ni 5 na kubwa ndiyo nzuri. Miaka miwili nimesoma kidato cha tano na sita na hakuna aliyewahi kunionyesha hesabu hizo mbili zikiwa zimelala karatasi moja.

Nilikaa na ile namba 10 kwa muda. Sifa za kuomba ninazo, lakini ninaoshindana nao wana A tatu. Uamuzi nikafanya mimi, kwenye benchi la nje, baba akiwa amenyamaza pembeni yangu: Famasia Muhimbili, Uuguzi UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Maabara ya Tiba Bugando kule Mwanza. Ada ya maombi nililipa kila chuo peke yake. Uuguzi haukuwa wa kujazia nafasi. Mkono ulipovunjika, kabla sijarudi nyumbani, aliyekuwa ananigeuza usiku, anayejua dawa imeisha saa ngapi, alikuwa muuguzi.

Mkopo ndio ulitula siku nyingi. Ada ya maombi ya Bodi ni shilingi 30,000, unalipa kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo. Pesa hiyo ilitoka kwenye mpunga, na kila safari ya kuja mjini ilitoka kwenye mpunga uleule, kwa hiyo makosa yana bei. Fomu ukishaijaza unaiprinti, unaipeleka kwa serikali ya kijiji isainiwe na kugongwa muhuri, mdhamini anasaini na kubandika picha, unakwenda kwa hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa unaziskani na kuzirudisha kwenye mfumo. Mdhamini wangu ni baba mdogo. Niliporudi na fomu, Dada alizipitia kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, akasimama kwenye muhuri wa kijiji. Muhuri ulikuwepo, lakini kwenye skana ulikatwa ukingoni, limebaki nusu duara na herufi "KAWA". Akasogeza karatasi kidogo kwenye kioo, akaskani tena, bado. Mara ya tatu muhuri ukaonekana mzima, akafungua faili lenyewe aone kama linasomeka kabla sijabonyeza kutuma. Alinilipisha skani moja.

Kwa jumla, huduma ya kukaa kwenye mashine na kuelekezwa ilikuwa shilingi 5,000 kwa mkopo na 3,000 kwa kila chuo, karatasi ya kuprinti 200, fotokopi 100. Kuna maduka ya bei chini ya hapo. Mimi ningelipa hata mara mbili.

Kasoro zipo na sitazificha, kwa sababu ninawapeleka watu wenye nauli ya kuhesabu. Kompyuta ni mbili tu na moja ni nzito sana. Wiki ya mwisho ya dirisha la maombi foleni inafika kwa fundi viatu, na kwa sababu hamharakishi mtu, unaweza kuondoka jioni bila kufikiwa. Wa mbali wamekosa gari la mwisho kwa hilo. Angepaswa kugawa namba asubuhi, nimemwambia, akasema atafikiria. Umeme ukikatika hana jenereta, mnakaa gizani mnasubiri. Wino wa mashine ya picha umefifia. Picha ya baba mdogo ilitoka nyeusi mpaka ikabidi tukapige kwingine. Jumapili anafungua baada ya ibada, siyo asubuhi. Na choo hakuna, mtavuka mpaka stendi.

Nendeni mapema, dirisha likifunguka tu. Bebeni simu yenu wenyewe, yenye chaji, na laini iliyosajiliwa kwa jina lenu au la mzazi. Wanaotoka shuleni bila simu, mpigieni mzazi kabla, muamue namba itakayotumika, na isibadilishwe mpaka mmefika chuoni.

Ujumbe wangu uliingia saa tatu usiku, tunakula. Muhimbili sikupata. Nilikuwa nimechaguliwa UDOM na Bugando, na ile namba ya kuthibitisha ilikuwa kwenye simu yangu, mkononi mwangu, siyo kwenye droo ya duka la mtu. Mama akaleta taa karibu. Niliingia kwenye akaunti, neno la siri nikalitoa ukurasa wa mwisho wa daftari, nikathibitisha UDOM, Uuguzi, kabla ugali haujapoa. Mabasi ya Dodoma yanapita barabara ya kwetu. Nitasimama pale pale ninaposimamia Kosta.

Majibu ya mkopo bado nayasubiri, naangalia akaunti yangu ya Bodi kila asubuhi kwa simu ya baba. Jumamosi nakwenda kwa Dada kuprinti fomu ya kujiunga na chuo. Hogo limetolewa, safari hii nitaandika kwa mkono wa kulia.